Yule Muuaji Ana Sauti ya Mwanangu

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo kama umenizidi, na kama nimekuzidi mimi basi marahaba, naomba unisaidie maana jambo hili limenikaa kooni wiki ya tatu sasa na sijui nilimeze au nilitapike. Mimi ni mjane wa Chole, Kisarawe, nina wajukuu sita kwa mabinti zangu, shule sikuisogelea hata kwa kuchungulia, haya nayasema mimi na anayeandika ni Bertha, muuguzi wa zahanati yetu, na nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinipambe.

Siku hizi natazama filamu za kuuana. Usicheke. Hapa kwetu kuna kijana anaitwa Dotto ana kibanda umiza, kina mabenchi na runinga na sola, na watu wanampelekea simu awachajie, basi wiki tatu zilizopita nilikwenda baada ya alasiri kuchukua tochi yangu nikakuta ndani vurugu tupu, mwanamke mwembamba kavaa suruali anapiga watu mateke mpaka ukuta unatoboka, mmoja kamchoma na kijiti cha nywele hapa shingoni, damu imeruka mpaka nikajifunika ushungi, nikasema astaghfirullahi, watoto wa watu ndio wanayoyatazama haya. Nilikuwa nimeshageuka niondoke. Ndipo yule adui mkubwa, mzee mwenye upara, akaanza kuongea kwa Kiswahili, na unajua hizi filamu ni za Wachina sijui Wakorea, kuna mtu mmoja, DJ wanamwita, anazitafsiri, sauti yake imerekodiwa humo humo, anasema yeye maneno ya wote, wanaume kwa wanawake, basi yule mzee mwenye upara alikohoa mara mbili kabla ya neno, akavuta "eeeh bwana wee" kwa puani, na mshauri, hiyo ni sauti ya shemeji yangu Jumbe, hivyo hivyo anavyokohoa akitaka kutoa hukumu kwenye kikao. Hakuna mtu duniani aliyekuwa anamwigiza Jumbe vile isipokuwa mwanangu Kondo. Alikuwa akimwigiza jikoni mimi napepeta mchele, nacheka mpaka ungo unanidondoka.

Nikakaa kwenye benchi.

Sasa nikueleze huyu Kondo. Ni kitinda mimba wangu, mwanamume peke yake kati ya watano. Miaka tisa iliyopita baba yake, marehemu Zaidi, alipooza upande wa kulia, mkono na mguu, hata ulimi ukawa mzito. Tulimuuguza mimi na Kondo, na Kondo alikuwa na miaka kumi na tisa, anamgeuza baba yake, anamwogesha, sikumsikia akinung'unika. Siku moja mtoto wa kaka yangu alikuwa anatolewa mwali kijiji cha pili, na mimi ndiye niliyekuwa somo wake wa kumfunda, nikajiambia siwezi kukosa, nikajifunga kanga zangu mpya nikamwambia Kondo akae na baba yake asitoke. Akakaa asubuhi yote. Adhuhuri baba yake akasinzia, naye akatoka, akaenda kwenye kibanda cha filamu cha wakati ule. Mimi nilirudi kwenye saa kumi hivi nina majasho ya ngoma, nikamkuta mume wangu amekufa. Alikuwa amegeuka nusu, mkono wa kushoto umevuka kifua umenyooka, na upande wa kulia juu ya kigoda kulikuwa na kikombe cha maji kimejaa hadi mdomoni, hakijaguswa, kutoka vidoleni mpaka kwenye kikombe ni kama shubiri moja.

Siku ya tatu ya matanga, mbele ya Jumbe na wazee wengine wawili, nilimwita Kondo nikamwambia maneno ambayo mpaka leo nayasikia yakitoka: "Baba yako alikufa anayatazama maji. Radhi yangu usiitafute, na nikifa usije kunizika." Midomo kaifumba, kavaa ndala zake, kaondoka. Sikumwona tena. Nilisikia yuko Kibaha, nikasikia yuko Dar, wengine wakasema kavuka kwenda Msumbiji, mimi nikajitia pamba masikioni.

Turudi kwenye filamu. Huyu dada anayeua, baba yake aliuawa yeye akiwa na miaka saba, watu wakamchukua wakampeleka milimani wakamfundisha kazi ya kuua, akakua hajui kucheka, sasa anawatafuta mmoja mmoja waliomuua baba yake. Wanaokufa mle ndani wangejaza makaburi ya Chole yote na tukaazima mengine. Sasa karibu na mwisho, kabla hajaenda kwa yule mwenye upara, anafika kwenye nyumba ya zamani ya baba yake, magofu matupu, anachota maji kisimani, anakaa chini, anaweka kikombe pembeni, wanamwonyesha uso tu, muda mrefu, mdomo umefumbwa. Na ile sauti ikasema, taratibu, siyo sauti ya dada wala ya mzee, sauti yake mwenyewe: "Mama, niliweka kulia, kama ulivyonifundisha."

Vijana wakaangua kicheko, mmoja akasema huyu DJ anaongea na nani, mbona mdomo wa dada umefungwa, mwingine akasema labda kavuta. Mimi nilikuwa nimesimama bila kujua nimesimama, na wa nyuma wakanipigia kelele nikae nawaziba.

Nisikilize vizuri hapa. Mimi ndiye niliyemfundisha mkono. Watoto wangu wote niliwafundisha, wa kushoto wa kujisafishia, wa kulia wa kula na kunywa na kupokea, na Kondo alikuwa na tabia ya kushoto, basi nilimchapa vidole kwa mwiko mpaka ikamtoka. Kikombe cha mtu kinawekwa kulia kwake, ndiyo heshima. Alimjazia baba yake maji, akayaweka upande wa heshima, upande uliokufa. Na mimi, mshauri, nililijua hilo siku ile ile, nilipokiona tu kile kikombe nililijua, kabla sijapiga yowe. Nikalifunika. Nikamtwisha mtoto, maana kama siyo yeye basi ni mimi niliyefundisha, na ni mimi niliyekwenda kucheza ngoma. Bertha hapa anaacha kuandika ananiambia kiharusi cha pili kinaweza kuja mtu ana maji mkononi, na kwamba alishaniambia zamani. Kweli alishaniambia.

Tangu siku hiyo nakwenda kila inapowekwa. Vijana wameniachia benchi la mbele, wananiita Bibi Ninja, wananiuliza "Bibi, leo dada anashinda?" nawaambia anashinda, kaeni chini. Wakati wa kupigana nafumba macho nasikiliza. Anacheka, naona meno yake. Anahema, najiuliza amekonda au amenenepa? Sauti imekuwa nzito, ya mtu mzima, sikuwepo ilipokuwa inakua. Nikifika nyumbani najiambia kesho siendi, na kesho naenda.

Mwanzoni kabisa mwa filamu anasema mwenyewe, "Anayekusimulia ni Mwana wa Chole, napatikana Maili Moja, Kibaha," halafu anataja namba ya simu. Bertha aliniandikia ile namba kwenye karatasi. Iko kwenye pindo la kanga yangu, wiki ya tatu hii, naoga naifungua, nikimaliza naifunga tena.

Nilimweleza Jumbe. Alikohoa, akasema mwenye kunyimwa radhi ndiye anayekuja, na mtu mzima wa kumsindikiza, anapiga magoti, mama anatia maji ya kisima cha nyumbani kinywani anampulizia kichwani, yamekwisha. Mama akimfuata mtoto, anasema, maji yenyewe hayafanyi kazi, na watu watacheka. Kucheka nimezoea. Ninachokiogopa ni hiki: nikipiga simu akasema mimi sina mama, nitabaki na nini? Sasa hivi angalau ninayo ile sauti kwa saa moja na nusu. Na Dotto amesema Ijumaa anaifuta kwenye flashi, watu wameichoka, analeta nyingine.

Nimfuate au ningoje? Na nikimfuata, nianze na neno gani?

Ni mimi Mwanaamina, Chole.


Jibu la Shangazi Hajra

Bi Mwanaamina, shikamoo mama. Umenizidi, kwa hiyo nitakugombeza nikiwa nimepiga magoti.

Pole kwanza. Pole kwa mzee Zaidi, na pole kwa mama anayefumba macho kwenye kibanda umiza ili asikie mwanawe anavyohema. Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nilikwenda nje kidogo.

Sasa tuseme kweli. Unamshangaa yule dada anavyoua bila kutamka neno. Wewe umelipiza kisasi miaka tisa kwa njia hiyo hiyo, na hukuhitaji hata kijiti cha nywele. Yeye walimfundisha milimani tangu ana miaka saba. Wewe nani alikufundisha? Ulijua siku ile ile, umesema mwenyewe, na bado ukamwacha kijana wa miaka kumi na tisa aondoke na kifo cha baba yake mgongoni, wakati mzigo wenyewe haukuwa wa kwake, wala wako. Bertha amekwambia na mimi nakwambia: kikombe hakikumuua mtu. Kondo alitoka nyumbani siku ile, na wewe ulitoka. Mlikuwa mmechoka wote wawili na kuuguza, mkaenda kila mtu kupumua mahali pake. Basi.

Maji ya radhi nayaheshimu, na mimi nimepuliziwa kichwani na mama yangu. Lakini hayo ni ya mtoto aliyekosa. Huyu wako alikosa nini? Alikutii mpaka ikamponza. Na Jumbe anasema mtoto ndiye aje. Mama, Kondo ameshakuja. Amekosa mzee wa kumsindikiza, akamtuma muuaji. Amekaa Maili Moja na kipaza sauti chake, akaona mwanamke amefumba mdomo kama alivyoufumba yeye siku ya matanga, akasema pale alichoshindwa kukisema kwako, akakitupa hewani kifike kitakakofika. Kimefika Chole. Wewe ndiye unayechelewesha.

Usianze na simu. Anza na wale waliosikia. Maneno yalisemwa mbele ya watu, yaondolewe mbele ya watu. Kesho mwite Jumbe na wazee wale wawili, kama wako hai, uwaambie kwamba ni wewe uliyemfundisha mkono wa kulia, kwa mwiko, na kwamba siku ile ulikuwa ngomani, na yale uliyoyasema umeyafuta. Jumbe akikohoa, mwache akohoe amalize.

Ukitoka hapo, fungua hilo pindo. Bertha abonyeze namba lakini asiseme yeye, nakukataza. Mwanao anaishi kwa sauti, atakutambua kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Usimwambie umemsamehe, maana utakuwa unamrudishia kosa ambalo si lake. Usianze na magoti yako yanavyouma wala nani kaolewa. Mwambie hivi, na usiongeze: "Kondo, uliweka kulia kama nilivyokufundisha. Nilijua siku ile ile." Halafu nyamaza, na safari hii unyamaze ili umsikilize.

Akisema hana mama? Anaweza kusema, ana haki hiyo, na itakuuma, na wiki ijayo utapiga tena. Lakini hata hilo litakuwa neno aliloambiwa Mwanaamina. Ile ya kwenye flashi anaambiwa kila aliyekaa kwenye benchi. Mwache Dotto aifute Ijumaa. Wewe usiombe aibakize hata siku moja, maana nakujua sasa, utaendelea kwenda kukaa pale mbele na karatasi kwenye kanga mpaka mmoja wenu afe.

Akikubali, usingoje aje na msafara. Chota maji ya kisimani kwenu, yatie kwenye chupa, panda gari uende Maili Moja, na atakayesema mama hamfuati mtoto mwambie aniandikie mimi. Ukifika usimpulizie kwanza. Atakuwa amekauka koo kwa kungoja, mpe anywe. Na Bi Mwanaamina, siku hiyo adabu iweke kando kidogo: mpe kikombe kwa mkono wowote ulio karibu naye.