Dawa Aliyoiomba Baba

Yakobi, 4 Juni 1951

Kwa mdogo wangu Kefa,

Kamwene, mwana wa mama. Hujambo huko Makambako? Hapa Yakobi baridi imeshika na watoto wazima. Aliye taabani ni baba. Hospitali wamemrudisha nyumbani. Uvimbe wa tumbo, wamesema, hauna tiba. Yafuatayo ni maneno yake, mimi ni mkono tu.

"Kefa mwanangu, mama yenu nilimzika bila kumnung'unikia Mungu. Hili limenishinda. Wewe ni dresa wa zahanati, funguo za kabati la dawa unazo. Niletee ya kulala nisiamke. Nakuomba kama baba yako."

Nimeandika alivyosema. Sijui kama nimetenda dhambi.

Dada yako,
Getruda

Makambako, 12 Juni 1951

Dada Getruda,

Salamu nyingi. Mimi mzima wa mwili tu. Barua nimeisoma nikiwa kazini, nikashindwa kumfunga mgonjwa kidonda.

Siwezi, dada. Uhai ni wa aliyeutoa, na sikufundishwa dawa ili nimwue mzazi wangu. Hata Serikali ingeniita mwuaji. Lakini nisikufiche: nililifungua kabati lile, nikasimama mbele yake mpaka mgonjwa mmoja akaniita. Nimempa dereva wa lori la huko vidonge vya kupunguza maumivu. Mwite mwalimu Hezekia, mwinjilisti wetu, asali naye. Umwambie baba nimekataa kwa heshima.

Mdogo wako,
Kefa

Yakobi, 25 Juni 1951

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi? Vidonge vimefika, havifui dafu.

Barua yako sikumsomea baba. Nilimwambia unakuja. Siku ile alikunywa uji bakuli zima, mara ya kwanza tangu Pasaka. Sasa kila lori likinguruma barabarani ananituma nikatazame.

Mwalimu Hezekia alikuja. Akamwambia, "Mzee Methusela, kumbuka Ayubu alivumilia." Baba akamjibu, "Ayubu alipona, mwalimu." Kisha akamweleza wazi alichokuomba. Hezekia akaaga, chai yake hajaigusa.

Mimi ndiye ninayemgeuza kitandani. Akilia, namwomba Mungu amchukue. Halafu naogopa: kuna tofauti gani kati yangu na yeye anayetaka dawa? Njoo, Kefa.

Dada yako,
Getruda

Makambako, 9 Julai 1951

Dada,

Nakusalimu kwa aibu. Ruhusa nilipewa, nikapanda lori, nikashuka kabla halijaondoka. Kumkatalia kwa barua nimeweza. Akinitazama na kuniomba kwa kinywa chake, sitaweza. Nisamehe.

Kefa

Yakobi, 5 Agosti 1951

Kefa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Baba alifariki Jumanne, tukamzika Jumatano. Lori la Makambako halikupita wiki nzima, kwa hiyo hukupata habari.

Jumamosi kabla hajafa uongo ulinishinda, nikamsomea barua zako zote mbili. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilidhani atanilaani. Akasema, "Kumbe ananiogopa? Mimi nilidhani amenichoka. Mwandikie aje mikono mitupu. Dawa basi, nimwone tu." Niliandika Jumapili. Barua ile bado ninayo, haikupata wa kuipeleka.

Makaburini palizuka maneno. Mzee mmoja wa kanisa alisema mtu aliyeomba kuuawa haimbiwi nyimbo za Mungu. Mwalimu Hezekia akasema, "Nilimwambia avumilie, kisha nikaenda kwangu kula. Nitamwimbia, hata nikiwa peke yangu." Akaanza kwa sauti mbaya, unamjua. Watu wakaitikia mmoja mmoja. Yule mzee aliondoka.

Kwa kuikataa dawa sikulaumu. Huenda ulikuwa na haki. Mimi mpaka leo sijui. Ninalokulaumu ni kushuka kwenye lori.

Walipomwita mwana wa kiume atupe udongo wa kwanza, watu waligeuka kutazama barabarani. Nikainama, nikautupa mimi.

Dada yako,
Getruda