Mama Amempa Mlezi Jina Langu

Mshauri wangu mpendwa, nakuomba msaada, mimi ambaye kazi yangu ni kuombwa msaada. Mimi ni wakili wa biashara na uhamiaji hapa mjini Kaohsiung, kazi iliyoniotesha mvi. Nimewafungulia wageni viwanda na migahawa, nimewapigania mabibi harusi wa Kivietnamu wasitenganishwe na waume zao, nimesimama mbele ya maofisa nikawaambia bila kutetemeka kwamba mtu si shehena ya bandarini, ana kwao na ana watu wake, lakini siku mama yangu alipoanguka jikoni akapooza upande mmoja nilikuwa kikaoni na mteja, simu nimeizima, na tangu hapo anayemnyanyua, anayemwogesha na kumlisha uji wa viazi vitamu si mimi, ni Wartini, mwanamke kutoka kisiwa cha Java ambaye vibali vyake nilivishughulikia mwenyewe.

Sasa mama amepoteza kumbukumbu. Akiniona mlangoni husema, "Karibu, mheshimiwa. A-Hui, mletee mgeni chai." A-Hui ni mimi, mshauri, ndilo jina langu la utotoni, lakini anayeitika ni Wartini, maana asipoitika mama hulia, nami nakaa nainywa hiyo chai kama mgeni kweli.

Mwezi uliopita Wartini alinikuta navaa viatu nitoke, akasema, "Bosi, nataka kurudi nyumbani. Binti yangu anaolewa. Juzi kwenye simu kaniita shangazi, akacheka, eti samahani, ulimi umeteleza. Mimi sikucheka, bosi. Wewe ndiye unayejua sheria. Naweza kuondoka kabla mkataba haujaisha?" Nikamjibu, "Ngoja niangalie sheria." Mshauri, hapakuwa na cha kuangalia. Anaweza.

Kaka yangu Chih-hung, ambaye huja mwaka mpya tu na kikapu cha machungwa, nilipomsimulia kwa simu kanicheka: "We wakili gani? Mwambie sheria imekataa, yaishe. Atakwenda kumuuliza nani zaidi yako?" Na kweli hana wa kumuuliza, kila asubuhi ananitazama usoni akingoja jibu nami nachukua mkoba natoka, kwa sababu nikimwachia aende mama atakufa akiliita jina langu nami nimesimama palepale hanijui, na nikimzuia sijui nitamtetea tena mtu gani kwa mdomo huuhuu. Nifanyeje?

A-Hui, Kaohsiung

JIBU

A-Hui, pole. Kusahauliwa na mama mzazi naye yu hai ni msiba usio na matanga, hakuna anayekuja kukuhani. Nimeisoma barua yako.

Lakini usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Hukuniandikia kuuliza, jibu unalo. Uliniandikia upate ruhusa ya kunyamaza, na mimi sikupi. "Ngoja niangalie" ni uongo uleule wa kaka yako, ila wewe umeuvisha joho la wakili. Huyo kaka naye, kama anataka sana mlezi abaki, aweke machungwa chini aje amgeuze mama kitandani. Mpigie simu umwambie hivyo hivyo, useme ni mimi niliyesema.

Leo, kabla ya chakula cha jioni, mkalishe Wartini umwambie, "Unaweza kwenda." Usiongeze "lakini". Mkatie tiketi awahi harusi ya mwanawe, aingie ukumbini kama mama wa bibi harusi. Kisha mwombe, usimwamuru, akufundishe kabla hajaondoka: maji ya kuoga yawe moto kiasi gani, dawa anazimeza na nini, mama akishtuka aguswe wapi atulie. Hayo huyajui, na huna haja ya kuona haya, uliza tu. Wateja wagawie mawakili wadogo wa ofisini kwako; kampuni zitaandikishwa hata usipokuwepo. Tafuta mlezi mwingine, ndiyo, kazi hiyo haibebwi na mtu mmoja, ila safari hii mlezi akusaidie wewe, si wewe umpishe yeye.

Wala usijidanganye kwamba ukimwogesha majuma mawili atakukumbuka. Hatakukumbuka. Akikuita mheshimiwa, itika. Akikuita mwizi, itika. Na siku Wartini akiondoka mama yako atalia kweli kweli, atamtafuta kwa macho kila pembe ya chumba. Siku hiyo usiende kazini. Kaa kando yake umshike mkono ule usiopooza, na akiuchomoa, ngoja kidogo, umshike tena.