Amina ya Haraka

Safed, 9 Agosti 1983

Dada Tsipora,

Hujambo, na mguu unaendeleaje? Shemeji na watoto hawajambo? Huku tu wazima, ila mimi usingizi umenihama.

Unajua darasa langu la sala, mwaka wa kumi na tisa huu nafundisha watu kunyamaza ili moyo uombe. Mwezi wa sita mwanafunzi wangu Naftali alisimama darasani akaapa hatasema neno mpaka moyo wake utakasike. Nikaitikia Amina, tena kwa sauti. Tangu siku hiyo hajafungua kinywa, na amekonda. Moyo wa nani umewahi kutakasika, Dada? Mama yake anakuja kutoka Tiberia. Nitamwambia nini?

Mdogo wako,
Elyakim

Haifa, 14 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu nimezipata. Mguu ni ule ule. Shemeji yako kachagua tikiti, analisifia, na halina ladha.

Unaniuliza mimi muuza vitambaa, na rabi ni wewe? Waketishe watu watatu wamfungulie kiapo, kisimshike tena, kama tufanyavyo sisi Wayahudi kila mwaka kabla ya Mwaka Mpya wetu. Au kuna jambo hukuliandika. Nakujua wewe. Siku ile darasani alikuwepo nani?

Dada yako

Safed, 23 Agosti

Dada,

Natumaini mguu umepata nafuu. Watatu waliketi jana. Hawawezi kumfungulia mpaka aseme mwenyewe kwamba anajuta, naye alitazama viatu vyake tu. Mama yake yuko nje kwenye ngazi, chakula hagusi.

Mzee Rafaeli, mkubwa wa wale watatu, akanigeukia. "Wewe uliitikia Amina?"

"Ndiyo."

"Basi umeapa naye. Mbona unaropoka mjini kutwa?"

Wenzake walicheka. Mimi nilitoka jasho, maana sheria ndivyo ilivyo: ukiitikia Amina kiapo cha mwenzako, kimekushika na wewe. Kesho kutwa nitasimama mbele yao mimi kwanza. Naogopa, Dada.

Mdogo wako

Safed, 31 Agosti

Dada yangu,

Salamu kwa wote. Nilisimama, nikasema najuta kuitikia. Rafaeli akauliza najutia nini hasa. Nikaanza kumtajia sheria. Ndipo Naftali, aliyeketi nyuma yangu, akasema kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita, kwa sauti ya kukwaruza, "Rabi, mbona siku ile ulifurahi?"

Nikamjibu mbele ya wote, na wewe nakujibu hapa hapa: kulikuwa na wageni kutoka Yerusalemu, nikataka wamwone mwanafunzi wangu.

Alinitazama sana. Kisha akawaambia wazee kwamba anajuta, wakatufungulia sote wawili. Amerudi Tiberia. Yeye aliniaga, mama yake hakuniaga.

Jana nilipata barua ya wale wageni. Wanataka kuniletea vijana wao kumi, niwafundishe kama nilivyomfundisha Naftali. Barua iko mezani, wanangoja jibu, na aibu ninayoona ni kwamba niliisoma mara mbili nikitabasamu.

Mdogo wako,
Elyakim