Pijo la Uani

Jumatatu, 28 Machi 1983

Redio imerudia tena mchana. Wahujumu uchumi. Walanguzi. Hakuna kuoneana haya. Nimesikilizia dirishani kwa jirani, kwa sababu redio yetu Joram kaondoka nayo. Anakwenda Isebania, upande wa Kenya, kumwona mjomba mgonjwa, ndivyo alivyoniambia asubuhi, huku anakunywa chai kwa haraka. Kachukua na koti zito. Nani anakwenda kumjulia hali mgonjwa na redio na koti la baridi?

Mume wangu kakimbia. Basi, nimeliandika.

Hapa Turwa kila mtu anaficha. Mwenye sabuni anazika. Mwenye sukari anakunywa chai kutwa mara tano. Jirani kavaa mashati matatu mapya, moja juu ya jingine, jua lile! Na mimi? Mimi nina gari. Gari unalizika wapi?

Pijo 404, pikapu, limekaa uani tangu mwaka jana gia boksi ilipopasuka. Haliendi popote. Kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Mwanangu Nyangi analiita nyumba ya kuku. Lakini injini! Injini Joram aliitoa Kenya mpaka ukiwa umefungwa, ikapita Sirari kwenye mkokoteni wa ng'ombe, chini ya magunia ya mahindi. Haina hata karatasi moja. Namba yake na namba ya kwenye kadi ya gari hazijuani kabisa. Watu wanawekwa ndani kwa miche ya sabuni. Kwa injini nzima watatufanya nini?

Gari bovu, halibebi hata kuni, na linaweza kutupeleka jela. Nimelitazama jioni nikatamani kulipiga teke. Nimelipiga.

Jumatano, 30 Machi

Tata Waitara alikuja, baba mkwe wangu. Akakohoa pale kwenye mti wa uzio kama kawaida yake. Nikatoka na kigoda, nikakiweka mbali na mlango, nikarudi nyuma, nikamwamkia shikamoo nikiwa nimeinamisha macho. Miaka sita nimeolewa hapa, hajavuka kizingiti changu. Mkurya haingii nyumba ya mkamwana wake, hata kuwe na moto. Mvua ikaanza. Nikamwambia, Tata, sogea basi barazani. Akasema barazani ni nyumbani vilevile. Akakaa na mvua yake, kofia ya chama kichwani, mpaka maji yakawa yanamtiririka puani.

Yeye ndiye balozi wetu wa nyumba kumi, tangu enzi za kuhamia vijijini. Amekuja kutoa tangazo: upekuzi utafika Turwa. Amri ni kwamba askari haingii nyumba yoyote kabla balozi hajatangulia, aone kwa macho yake kinachotolewa, kusiwe na lawama.

Halafu akalitazama Pijo. Akalitazama sana.

Akasema, "Boke, mimi nikiulizwa nitasema ninachokijua. Kwa hiyo msiniambie kitu."

Akaenda zake. Nampenda mzee huyu kuliko mwanawe, leo nasema wazi.

Alhamisi, 31 Machi

Shemeji Heche kaja, mdogo wake Joram. Huyu angalau hajakimbia. Fundi wa kujifunzia kwa macho, lakini mikono anayo. Tumekaa jikoni tukatafuta njia ya kuliondoa gari.

Kulisukumia mto Mori? Mto umejaa, litamezwa lote. Lakini kulifikisha kunataka ng'ombe sita na mnyororo, katikati ya mashamba ya watu. Kila mtu atatoka kutazama. Watoto watafuata wakiimba!

Kulichoma? Moshi wa matairi utaonekana mpaka bomani.

Kulitoa zawadi kwa kijiji? Heche alicheka. Nami nilikuwa sitanii. Akasema watashukuru, watapiga makofi, kisha katibu ataomba kadi ya gari.

Kuipeleka injini peke yake Kewanja? Wale wachimba dhahabu wangeipokea kwa mikono miwili, wavutie maji mashimoni. Ila njiani kuna kizuizi na mgambo wanachoma magunia kwa spoku za baiskeli waone kilichomo.

Chai ikapoa. Ndipo Heche akageuka akautazama mlango wa chumba changu cha kulala. Akasema polepole, "Askari haingii bila balozi. Balozi ni Tata. Na Tata haingii kwako."

Mungu wangu. Ni kweli! Turwa nzima hakuna mahali salama kama uvungu wa kitanda changu. Tutaing'oa injini, bodi tupu tutawaachia kuku. Nani atamfunga mtu kwa banda la kuku?

Ijumaa Kuu, 1 Aprili

Njia ya Msalaba. Nimepiga magoti na mawazo yangu yote yako kwenye nati.

Bernadetha muuza ndizi, anayepita njia za panya, kaniletea salamu za Joram kutoka Isebania. Mjomba hajambo. (Mjomba!) Gari lisiguswe. Mambo yakipoa atarudi alifufue.

Lisiguswe! Yeye kakaa kule anakula nyama, mimi nalala na mtoto huku nasikiliza kila muungurumo wa gari barabarani. Nimemwambia Bernadetha akamwambie hivi: gari limeshaguswa.

Jumapili, 3 Aprili — Pasaka

Imekwisha! Imetoka!

Sikwenda misa. Nilisema nina homa. Mvua ilishuka kubwa saa ya mahubiri, juu ya mabati huwezi kusikia hata sauti yako mwenyewe. Heche kaja na wenzake watatu wa rika lake, waliotahiriwa msimu mmoja, hao hawachongeani. Wakasimamisha miti mitatu juu ya boneti, wakafunga mnyororo wa plau, wakagonga, wakavuta, wakalitukana Pijo la Wafaransa kwa Kifaransa cha kubuni. Injini ikanyanyuka ikining'inia kama ng'ombe aliyechinjwa. Watu wanne kuibeba, na kwa taabu. Kitanda tumekipandisha juu ya matofali. Tumeifunika gunia, na juu ya gunia kitenge changu cha harusi. Kinastahili.

Kuku wamerudishiwa gari lao. Nimechinja jogoo mmoja. Tumekula, tumecheka mpaka machozi. Heche anamwigiza afande anafungua boneti, anakuta mayai. Kristo amefufuka na mimi nimepona.

Jumanne, 5 Aprili

Oili inavuja. Chumba kizima kinanuka gereji. Nguo, mto, hata nywele za Nyangi. Kaniuliza asubuhi kwa nini kitanda kinatapika.

Mama mkwe, Mama Mokami, kaja kuchukua mbegu. Yeye anaingia kwangu, mwanamke kwa mwanamke. Kanusa tu, kainama, kafunua kitenge. Hakupiga kelele. Kakaa kitandani, mikono mapajani.

Akaniuliza kama mzee anajua. Nikamwambia hajui, na ndiyo usalama wake. Akasema hapana, mmemgeuza mzee kuwa mlango, na mlango ndio unaopigwa teke kwanza.

Nikamjibu kwa ukali, nasikitika. Nikamwambia mwanao ndiye aliyeileta, mwanao yuko Isebania. Akafunga mbegu zake kwenye kanga akaondoka. Amri ni amri, bila balozi hawaingii. Mbona mama haelewi?

Alhamisi, 7 Aprili

Wamemchukua jirani wa mashati matatu. Walihesabu kola.

Heche kalala kwa wenzake upande wa Serengeti, eti kuna ng'ombe wa kuangalia. Wote wana wagonjwa na ng'ombe wanapohitajiwa.

Jumamosi, 9 Aprili

Naandika nikiwa nimekaa juu ya kitanda. Juu ya injini. Nisipoandika nitapiga mayowe, na Nyangi kalala hapa pembeni.

Walifika asubuhi na Landrova. Afande mmoja kutoka mkoani, si mtu wa huku, Kiswahili chake laini kinateleza. Askari wawili. Na Tata Waitara mbele yao, kofia ya chama, shati la drili lililopigwa pasi. Alikohoa kwenye uzio. Nikatoka na kigoda. Afande akasema hakuna kukaa leo, mama, rudisha kiti chako. Nikakirudisha ndani.

Akaliona Pijo. Alicheka, kweli alicheka, kuku walipotoka dirishani. Nikasema moyoni tumepona. Halafu akafungua boneti.

Akaingiza mkono ndani ya ule uwazi. Akauzungusha. Akautoa, akatazama vidole. Oili mbichi. Nati zimeachwa pembeni zinang'aa, vidonda vya spana vya juzi tu. Wajinga sisi! Wajinga wakubwa! Gari bovu lenye injini ni gari bovu, nani angehangaika kusoma namba yake chini ya mavi ya kuku? Gari lisilo na injini linauliza swali. Sisi wenyewe tumelifundisha kuuliza.

"Mama, injini ya gari hili iko wapi?"

Nikasema mume wangu ndiye anayejua. Mumeo yuko wapi? Kaenda kumwona mgonjwa. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikia wimbo anaoujua. Akageuka kwa Tata. "Mzee balozi, tangulia. Tunaanza na nyumba."

Tata hakusogea. Alisema kwa heshima kabisa, "Afande, nyumba hii siingii. Huyu ni mkamwana wangu. Mwite balozi wa jirani asimame badala yangu."

Afande akadhani anachezewa. Akasema balozi ni wa nyumba kumi, siyo tisa. Tata akaeleza tena, taratibu, mila ilivyo. Yule akazidi kupandwa hasira. Kila Tata alivyozidi kueleza ndivyo ilivyozidi kuonekana kama uongo! Mwishowe akamwambia mbele ya watu, na walikuwa wamejaa kwenye uzio, "Kumbe wewe ndiye bohari. Wanao wanaficha, wewe unaziba mlango kwa mila."

Mzee yule. Aliyekataa kusogea barazani akalowa.

Alinitazama, mara ya kwanza miaka sita, machoni kabisa. Alikuwa ananiuliza. Aliniambia tusimwambie kitu, na sasa alikuwa ananiuliza. Mimi nikainamisha macho kama siku zote. Safari hii haikuwa heshima.

Afande ana duka moja la kumalizia kulipekua kule juu, karibu na kanisa. Kasema akirudi mambo ni mawili: balozi atangulie ndani, au balozi apande Landrova kama mhujumu. Kaniamuru niingie, nisitoke. Askari mmoja kabaki nje ya mlango na bunduki.

Nimejaribu kuisukuma. Peke yangu! Watu wanne walihema. Nimepiga magoti nikaisukuma kwa bega mpaka nikaona nyota. Haikusogea hata unene wa ukucha. Na ingesogea ningeipeleka wapi? Dirisha langu ni la kupitisha sufuria.

Mama Mokami kapita nyuma ya nyumba, kasema nami kwenye hilo dirisha. Hakunilaumu, afadhali angenilaumu. Kasema mzee akiingia humu, amekwisha. Wazee wenzake hawatampa mrija kwenye chungu cha pombe. Kwenye kikao atakaa peke yake, hata akitakaswa kwa dume la ng'ombe watu watasema ndiye yule aliyeingia chumbani kwa mke wa mwanawe. Na asipoingia atalala mahabusu, umri ule, kifua kile. Na akisema haoni kitu atakuwa amesema uongo, na hajawahi.

Nikamuuliza nifanye nini, Mama? Kasema wewe ndiye mwenye nyumba. Kaondoka.

Nikitoka nikasema iko uvunguni, ni mimi. Joram yuko Kenya, hawamfikii. Watanichukua mimi, nimekutwa nayo, nimeilalia. Na Nyangi? Nisiposema, labda Tata atakataa mpaka mwisho, wampeleke bomani, huko kuna wanaomjua, wamwachie. Labda. Nimekuwa nikisema labda tangu Jumatatu ile. Namchukia Joram. Namchukia Heche na ng'ombe wake. Na ule mpango wa uvungu niliufurahia mimi kuliko wote, jogoo nilichinja mimi.

Mvua imeanza. Namwona Tata kwenye ufa wa mlango. Amesimama palepale, hana pa kukaa, kigoda ninacho mimi. Askari kasogea barazani ajikinge, kamwambia mzee naye asogee. Hajasogea.

Landrova. Naisikia inashuka kutoka kanisani.

Amevua kofia. Kaikunja, kaitia mfukoni. Sasa anainama, anavua viatu. Ee Mungu, anavua viatu, anavipanga pembeni kama mtu anayeingia kanisani. Maji yanamwingia shingoni. Yuko hatua chache tu kutoka kizingiti changu.

Landrova imezima.

Amekohoa. Kikohozi chake kilekile cha kwenye uzio.

Nimeshika kigoda, natoka kabla hajavuka.