Kwa Baba, Beki wa Mechi Tisa

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ulipotutoka. Mama bado analala upande ule ule wa kitanda, kulia kwako, ili akiongea umsikie. Tumemwambia kitanda sasa ni chake chote. Anasema tumwache.

Kuna neno lililokuja kwako siku ya mwisho na hukulisikia. Kosa ni letu, na limetukaa rohoni mwaka mzima. Leo tunakuambia, na wanaosoma wasikie.

Vita vilikurudisha na mikono miwili, miguu miwili na sikio moja. Bomu lilianguka kando ya handaki, sikio la kushoto likafa. Hukumwambia mtu. Ulikuwa bado askari klabu ilipokuona ukichezea timu ya kambi, ikakusajili, ukawa unalipwa kwa kucheza mpira. Bibi hakuliamini jambo hilo hadi anaingia kaburini. "Mtu mzima analipwa kwa kukimbia? Amekimbia nini?" Ukaomba kucheza beki wa kushoto, ingawa mguu wako ulikuwa wa kulia, ili sikio zima lielekee katikati ya uwanja.

Mechi ya tisa ndiyo iliyokumaliza. Mpira wa juu ulikuja golini kwenu, wewe ukaruka, kipa naye akatoka, mkagongana. Mpira ukaingia wavuni, na kifundo cha mkono wa kipa kikavunjika. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo akasema mbele ya wote, "Nimemwita mara tatu! Huyu jamaa hasikii?"

Ukajibu taratibu, "Kweli, sisikii. Sikio la kushoto lilikufa vitani."

Jumatatu yake klabu ikakuaga.

Ukawa fundi kufuli, kwenye kibanda kati ya fundi cherehani na duka la dawa. Kufuli likigoma, uliliweka kwenye sikio la kulia na kulisikiliza kama daktari. Mteja alikuja mbio, "Fundi, nimejifungia nje!" nawe bila kuinua kichwa, "Shukuru Mungu, wenzako wamefungiwa ndani." Yule mjane wa ghorofani alipoteza funguo mara tatu kwa mwezi mmoja. Ulipanda ngazi mara tatu, na hata neno la kumkera hukumwambia. Nyumbani wajukuu walikuja kuomba ruhusa kwenye sikio la kushoto, halafu wakamwambia Mama, "Babu hajakataa!" Ulijua. Ulikuwa unacheka na gazeti lako.

Watu wakikuuliza kuhusu mpira, ulisema ulicheza mechi nane na nusu. Lakini asubuhi za baridi ulisimama dirishani ukasema, "Leo yule kipa mkono utakuwa unamuuma." Miaka arobaini na mitano, Baba. Wewe uliyewaambia wengine kila siku kwamba yaliyopita si ndwele.

Kule hospitalini kitanda chako kilisogezwa hadi ukutani, upande wa kulia. Siku ya mwisho yule kipa akaja na mkongojo wake, mzee kama wewe. Tukamkalisha kwenye kiti kilichokuwepo, kushoto kwako. Sisi tuliolijua sikio lako tangu tuzaliwe, siku hiyo hakuna aliyekumbuka. Akakushika mkono akalia.

"Sikukuita, ndugu yangu. Nilitoka vibaya, mpira ukanizidi, mdomo sikuufungua. Nikaogopa kuachwa na klabu, nikasema nilikuita mara tatu. Wewe ulipotaja sikio lako, nikanyamaza."

Ulikuwa unatazama dari. Mama ndiye aliyeshtuka, "Jamani, sikio!" Akainama juu ya mto wako kulifikia sikio la kulia, akakuta umeshasinzia. Tukasema tukuache upumzike, tutakuambia ukiamka. Hukuamka.

Basi sikia sasa, Baba. Kipa hakuita. Hukumkosea. Hata mwenye masikio kumi asingesikia kitu siku ile. Mkono ule haukuvunjwa na sikio lako, na wewe ulikuwa beki mzuri.

Tulitaka uyajue haya ungali hai, hata kwa dakika moja. Inatuuma, wala hatutajifanya imepoa.

Kipa ameomba awe miongoni mwa wanaokukumbuka hapa. Tuligombana. Mtoto wako wa kwanza alisema jina la mtu yule lisikaribie la kwako, akainuka mezani bila kula. Mama alituacha tubishane siku mbili. Ya tatu akakata maneno: "Mwenye haki ya kumkasirikia alikuwa baba yenu, naye alimwonea huruma maisha yake yote. Mwandikeni."

Tumemwandika.

Unakumbukwa na mkeo, wanao wanne, wakwe zako, wajukuu wako saba, dada yako, fundi cherehani jirani yako, na kipa wako.

Hakuna siku utakayotoka mioyoni mwetu, Baba.