Moto wa Kwenye Karatasi

Marahaba, mwanangu Zuhura.

Sasa hivi mwanangu Hadija ameupuliza moto uliouchora kwenye barua yako, mpaka mate yakaruka! Mimi mama yako mdogo na wenzangu hapa Kariakoo tu wazima.

Unauliza kama kuchora ni kazi, maana babu anakukataza. Nikiwa msichana nilimkuta fundi pale Mnazi Mmoja anachora ukutani picha ya mama anayechemsha maji ya kunywa. Bibi mmoja asiyejua kusoma akasimama.

"We fundi, sufuria haina mfuniko, moshi si utaingia?"

Fundi akacheka, akachora mfuniko. Bibi kagombana na ukuta! Nilifurahi kama nimechora mimi.

Ngoja, mama mkwe ananiita: "Mama Hadija! Mtoto kabandika sufuria juu ya ile picha ya moto!" Naenda, ila Zuhura, mwambie babu kwamba kuchora ni kazi: moto wako umeshabandikiwa sufuria.