Nilimsubiri Dereva Uwanja wa Ndege

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ugonile? Najua barua hii utasomewa na dada Lugano, kwa hiyo na yeye namsalimu hapa hapa, na namwomba asome yote bila kuruka mahali kwa kukuonea huruma. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Parachichi za nyuma ya nyumba zimeshapata mnunuzi, au zinaendelea kuwanenepesha nguruwe wa jirani? Mimi huku Uskochi mwili hauna neno. Kazi ni ile ile ya kufua mashuka ya hospitali. Mashine zinapiga kelele kutwa nzima, na nikirudi chumbani kimya kinanikuta mlangoni.

Naandika kwa sababu kwenye simu nimeshindwa. Kila nikianza kukusimulia safari ya kaburini kwa kaka Asajile, nakata simu na kusingizia mtandao. Mtandao wala haukuwa na kosa.

Uliniagiza mambo mawili. Kwanza, nilete udongo wa kaburi lake tuufukie migombani karibu na baba, ili nawe uweze kuumaliza msiba huu. Pili, nisiende kulia peke yangu. Ulisema, “Tafuta mtu wa kusimama naye, hata kama ni mpita njia. Kwetu hakuna anayelia msiba peke yake.”

Nikakuitikia haraka, nikijua la pili ni jepesi. Kweli kule Norwei alikoishi kaka simjui mtu, na wale wenzake wa kiwanda cha samaki waliomzika wameshatawanyika. Lakini mji aliozikwa uko mbali na uwanja wa ndege, na basi haliendi kila siku, kwa hiyo lazima nikodi gari. Nami nikasema moyoni, gari la kukodi si lina dereva? Basi dereva ndiye mtu wangu.

Usinicheke, mama. Unamkumbuka yule dereva wa Kiwira tuliyemkodi alete jeneza la baba pale Mpuguso? Hakuwahi kumwona baba hata siku moja. Lakini alipaki gari, akavua koti, akapokea jembe, akachimba hadi jasho likamtoka. Baadaye akala ndizi na sisi, akalia kuwapita baba wadogo, mpaka shangazi akawa anaulizia ni mtoto wa nani. Miaka yote niliyokaa huku natembea kwa basi na miguu. Leseni niliifanyia mtihani kwa ajili ya kuombea kazi, lakini gari sikuwahi kukodi. Kukodi ninakokujua mimi ni kule kwa Tukuyu.

Mwenzangu wa kazini alinifanyia mpango kwa simu yake. Nikafika uwanja wa ndege, nikaenda kaunta ya magari, binti mmoja mwenye adabu akaangalia leseni yangu, nikaweka sahihi, akanipa ufunguo na kunionyesha gari lilipo. Hata leseni haikunishtua. Nilidhani wanataka kumjua abiria, na ufunguo nikampe dereva mwenyewe.

Gari lilikuwa dogo, jeupe, safi kama sahani ya wageni. Nikaweka begi nyuma, nikaingia mbele upande wa kushoto, anakokaa abiria kwetu. Nikakuta usukani uko mbele yangu. Nikatoka haraka nisimkalie mtu kwenye kiti chake, nikazunguka upande wa pili. Nikakaa. Mvua ikaanza. Kila mwanamume aliyepita nilijiweka sawa na kupanga jinsi nitakavyomsalimu na kumweleza habari za Asajile, alivyokuwa mcheshi, alivyowahi kuangusha debe zima la maziwa akacheka mwenyewe kabla hujamchapa.

Mwishowe akaja mzee mmoja anayeosha magari pale, akagonga kioo.

“Unahitaji msaada? Nimekuona muda mrefu.”

“Namsubiri dereva,” nikamwambia.

Akatazama kiti cha pili kilichokuwa kitupu, akanitazama mimi.

“Dereva ni wewe, rafiki.”

Hakunicheka. Alinionyesha taa na vifutio vya mvua, akarudi kwenye ndoo yake. Mama, hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza kwamba Asajile amekufa. Habari nilikuwa nazo tangu zamani, lakini mwili ulikuwa haujazisikia.

Niliendesha kwa woga, maana kule wanapita kulia. Ndani ya gari mlikuwa na sauti ya mwanamke inayoelekeza njia. Nikawa namsimulia yeye habari za kaka, kwani nimwambie nani mwingine? Naye akawa ananijibu nikate kona kushoto.

Makaburi yao yamepangwa kwenye mistari, majani yamekatwa, hakuna mgomba wala nyumba ya mtu karibu. Kaka amewekewa kibao kidogo cha mbao. Sikuwa na jembe. Nilijaribu kuchimba kwa kijiko cha plastiki nilichopewa kwenye ndege, kikavunjika, nikamalizia kwa vidole. Udongo wao ni mweusi na wa baridi. Niliufunga kwenye leso, na sasa uko hapa dirishani kwangu. Nitaubeba mwenyewe nikipata likizo, usiwe na wasiwasi na hilo. Kulia nililia, mama. Nililia peke yangu, na nilikuwa natazama nyuma kila mara kama mwizi.

Niliporudisha gari, yule binti wa kaunta alilizunguka akitafuta mikwaruzo. Akaona udongo kwenye zulia.

“Ulikwenda kutembea shambani?”

“Nilikwenda kwa kaka yangu.”

“Vizuri. Familia ni jambo zuri,” akasema, akapokea ufunguo.

Nisalimie baba mdogo anayekukatia majani ya ng'ombe, na shangazi wa Bulyaga, mwambie shuka alilonipa bado najifunika. Msalimie mchungaji na akina mama wa kwaya waliokesha nawe. Wanangu na mama yao ninawaandikia wao barua yao.

Kuna jambo moja limebaki. Habari za kifo cha Asajile nilizipokea mimi kwanza. Mimi ndiye niliyewapigia simu. Nilikupa pole wewe, nikampa Lugano, nikampa baba mdogo, simu ikazunguka nyumba nzima nami nikimpa pole kila aliyeishika. Mlikuwa mnalia, hamkuweza kusema kitu, na simlaumu yeyote. Huku kazini walisema neno lao wakarudi kwenye mashine. Lakini alikuwa kaka yangu, mama. Nilikuwa nalala naye kitanda kimoja.

Basi Lugano akishamaliza kusoma, waite waliopo nyumbani, hata kama ni wawili tu. Mniambie pole kwa sauti. Nami nitaitikia huku niliko.

Mwanao,
Gwamaka